Mtende wa Bi Mize

Jumamosi haina tena usingizi nyumba hii.
Jua halijapanda, meza imeshajaa:
gundi ya unga wa muhogo kwenye kikombe kisicho mkono,
makonyo ya karafuu, vifuu vitatu, khanga iliyochakaa,
na Kizito, hajanawa uso,
anakata nyota kwenye bati la kopo la rangi
huku akiuliza pembe ni tano au sita.
Kata tu, mwanangu. Vidole ndivyo vya kuhesabu.

Wiki iliyopita walikuja wa Chake, watu kumi na mmoja,
na masufuria yao, na ugomvi wao wa shamba la marehemu.
Ugomvi ukakaa nasi jamvini kama mgeni wa kumi na mbili,
ukala pilau, ukashiba, ukasinzia.

Wiki hii Yustina katoka Unguja,
boti imemtikisa mpaka rangi imemhama,
lakini kabla ya maji ya kunywa anataka kujua
nguo za malaika anashona nani.
Mimi. Nani mwengine?

Na Jumapili, misa haijapoa masikioni,
tukapakiana kwenye kirikuu cha kukodi kwenda Vumawimbi,
tukapita Ngezi, kivulini, watoto wakapiga kelele
ili msitu uwajibu.
Wengine walirudi na makoa. Method alirudi na jiwe,
akasema ni ng'ombe.
Tukaligeuza, tukaligeuza.
Kweli. Kwa upande mmoja lilikuwa ng'ombe.

Jioni Bi Mize huja na ukili wake barazani kwetu,
husuka bila kuutazama, macho yako kwenye pango letu:
Yusufu wa makonyo, mguu mmoja kauvunja kuku,
Mariamu wa khanga, jina la khanga limemkaa mgongoni.
"Na huyo mtoto mtamlaza wapi?"
Kwenye majani makavu, tukasema.
Mikono ikasimama.
"Mchanga wa siku moja? Atawashwa usiku kucha,
na mama yake apate usingizi saa ngapi?"

Jioni mbili, akatuletea mkeka wa upana wa kiganja,
miyaa ya zambarau na kijani, pindo limekazwa
kama wa bwana harusi.
Jioni ya tatu akatoa kitu chini ya ushungi:
mtende, urefu wa shubiri, makuti yake yamechanwa kwa sindano.
"Mimi nijuavyo, uchungu ulimshika chini ya mtende,
akautikisa, tende zikamdondokea.
Nyinyi mna ng'ombe wenu, sikatai.
Lakini mzazi lazima ale."

Alipoondoka, Yustina akasema katika Luka hamna mtende.
Mume wangu Gaudensi akakohoa, akautoa,
akausimamisha nyuma, karibu na kondoo.
Asubuhi ulikuwa umerudi ubavuni mwa Mariamu.
Akautoa tena. Ukarudi tena.
Nikakagua vidole: vyote vina rangi ya miyaa,
vya Leokadia, vya Method, na vyangu.

Jumamosi ya mwisho akaja katekista, Mzee Bonaventura.
Akahesabu kondoo. Akafika mtendeni, akavua miwani,
akaifuta, akaivaa.
Nyumba nzima ikashika pumzi.
"Tende," akasema, "mbona sizioni?"

Yustina ndiye aliyeinuka.
Akafungua mkoba wake, pakiti ile ya safarini,
akachagua sita ndogo ndogo, akazifunga kwa uzi wa malaika
bila kumtazama mtu.

Usiku huu mvua ya vuli inapiga bati,
majirani wanakimbiza majamvi ya karafuu,
mie miguu imevimba, cherehani imenyamaza.
Bi Mize anagonga dirisha, ushungi umelowa:
"Keshazaa?"
Bado, Bi Mize. Zimebaki siku nne.
"Basi tende zisiguswe."

Na Kizito, gizani kando ya pango,
anafunga mdomo taratibu
juu ya kokwa.