Mstari wa Manjano

Nati yenyewe ukubwa wake kifungo cha koti.
Niliikaza kwa vidole, nikainama kuchukua spana ya kipimo,
na mlangoni akasimama kijana wa vifurushi,
mvua ikimtiririka kofiani:
"Saini hapa, fundi."
Nikafuta oili, nikasaini.
Tukasema mawili matatu juu ya hali ya hewa.
Spalding, mvua ni salamu; usipoijibu umemtukana mtu.
Niliporudi kwenye injini
mkono wangu uliamini umekwisha kumaliza.
Nikafunga boneti. Nikasaini mara ya pili, kwenye daftari.

Ndege ni ya Bi Oldroyd, daktari wa ng'ombe mstaafu,
miaka sabini na mmoja, buti za tope, ulimi wa chumvi.
Ndege ni rika langu: viti vinne,
rangi ya maziwa yaliyolala.
Huniletea mayai, na swali ni lilelile: "Itaruka?"
"Kuruka itaruka. Uliza kama itashuka."
Utani huo tuliucheka miaka tisa.

Jumamosi akaruka saa nne asubuhi.
Mimi nilikuwa nakunywa chai.
Juu ya mto Welland oili ikaanza kupaka kioo,
kama mtu anayevuta pazia polepole, alisema.
Sindano ya shinikizo ikalala.
Injini ikagonga mara tatu, kama mdai mlangoni,
kisha kimya.

Kimya kile sikukisikia. Ninacho alichonihadithia tu:
kwamba pangaboi lilisimama wima
kama kidole mdomoni,
kwamba upepo ulipiga mluzi kwenye mishono ya mlango,
kwamba chini alibweka mbwa, mbwa wa mtu fulani,
naye akawaza: hata yule anajua.

Wahenga walisema usipoziba ufa.
Lakini wahenga walijenga chini.
Kule juu hakuna ukuta wa kujenga;
kuna ufa, na kuna shamba.

Shamba lilikuwa la kabichi.
Gurudumu la mbele likakatika, mbavu mbili zikavunjika,
na kabichi mia nne na sita
(mwenyewe alizihesabu, akaleta ankara).

Jumatatu injini ikarudi juu ya trela.
Mkaguzi, Bwana Pettifer, ana tochi ndogo kama kalamu.
Sisi mafundi tukishakaza kwa kipimo
tunapiga mstari wa rangi ya manjano,
toka kwenye nati hadi kwenye chuma,
ili nati ikigeuka hata unywele
mstari ukatike, useme.
Nati zote zilikuwa na mstari.
Ile moja ilikuwa safi, inameta,
haina la kusema.

"Mwandiko huu wa nani?"
Ungeweza kuwa wa yeyote. Naandika kama kuku anayeparua.
Na Gethin, mwanagenzi wetu, miaka kumi na tisa,
alikuwa zamu siku ile, ameshageuka rangi,
anajitafutia kosa ambalo si lake.
"Wangu," nikasema.
Neno fupi. Lilinichukua muda
wa kushuka futi mia tisa.

Wodini, Boston, nilikwenda na mayai, ya dukani.
Bi Oldroyd aliyatazama, akanitazama,
akacheka, akashika mbavu, akatukana.
Kuhusu nati hakuuliza. Ningependa angeuliza.

Muhuri wangu walinirudishia baada ya miezi saba.
Sasa kijana wa vifurushi husimama mlangoni, analowa,
hadi nitakaponyoosha mgongo.
Kichupa cha rangi nakibeba mfukoni, hata Jumapili.
Usiku mmoja mke wangu alikuta mstari wa manjano
kwenye nati ya bomba la jikoni.
Hakusema kitu.
Aliugusa kwa kidole
kuona kama umekauka.