Kisanduku cha Asili

Karani wa komini ya Katuba ananiuliza
kijiji changu cha asili.
Namwambia: avenyu Lubudi, namba sabini na mbili,
nyuma ya kisima cha Mama Ntita, kile kilichokauka.
Anacheka kidogo, si kwa ubaya.
"Mama, hapo unakaa. Mimi nauliza unatoka wapi."

Nimetoka nyumbani alfajiri, viatu mkononi kwa ajili ya tope.
Najua siyo hilo analouliza.

Babu alishuka treni kule Likasi
na blanketi moja. Wakamvika shingoni
kibati cha shaba chenye namba.
Mzungu wa kampuni alimuuliza swali hilihili,
naye alikuwa na haraka ya chakula cha mchana.
Babu akasema: Bena Kashiye.
Mzungu akaandika alichosikia: Benakasi.
Tangu siku hiyo ukoo wetu unatoka mahali
pasipo na mto, pasipo na kaburi,
pasipo na hata mbuzi mmoja.

Sheria ya siku zile ilihitaji mikono.
Ilisahau kwamba mikono huja na tumbo,
na tumbo huja na watoto,
na watoto hujifunza kutukanana kwa Kiswahili
vizuri kuliko mwenye mji.

Nilikuwa na miaka tisa
jirani alipochora msalaba wa chaki mlangoni petu.
Wakatuita bilulu, wadudu.
Mdudu haulizwi kijiji.
Majuma matano tulilala stesheni,
baba ameegemeza kichwa kwenye cherehani ya mama,
tukingoja treni ya kuturudisha kwetu,
kwetu ambako baba hajawahi kukanyaga.
Mdogo wangu Tshiamala alibaki pale, kando ya reli.
Karani hana kisanduku cha hilo,
nami sikiombi.

Miaka sita baadaye tukapita tena Likasi.
Ndani ya lupangu letu mwanamke alikuwa anasonga bukari.
Akatukaribisha kama wageni, tukanawa, tukala.
Bukari ilikuwa laini, na sombe yake imeiva.
Hata hilo lazima niliseme.

Sasa nisikilize, kwa sababu sehemu hii sijamwambia mtu.
Juzi lori limeshusha vijana kumi na wanne kutoka Mwene-Ditu
na baiskeli zao, vumbi mpaka kwenye kope.
Wanalala kwenye veranda ya kanisa letu.
Wanauza makala rahisi kuliko sisi.
Na mimi, mjukuu wa namba ya shaba,
nikimenya mihogo mbele ya majirani,
nilisema kwa sauti: "Hawa wakujakuja watatumaliza."
Majirani wakaitikia. Nilifurahi walivyoitikia.
Ndipo nikamwona mmoja wao, Badibanga,
amesimama na gunia langu la makala begani,
lile nililomtuma.
Akalitua polepole, lisimwage vumbi.
"Moyo, mamu," akasema.

Kwa lugha ya babu, moyo ni salamu.
Nilitafuta cha kumjibu.
Nikampa pesa yake, nikahesabu mara mbili.

Karani anangoja. Kalamu yake inavuja.
"Na wewe," namuuliza, "kijiji chako?"
Anakitaja haraka, kama mtoto aliyekariri sala.
"Umewahi kufika?"
Anatazama dirishani, upande wa shimini ya kiwanda.
"Fomu haiulizi kufika, mama."

Nyuma yangu foleni inakohoa.
Fomu si yangu hata, ni ya mwanangu,
ana majuma matatu, amelala mgongoni,
mate yake yanalowesha kitenge.

Andika Benakasi, namwambia.
Neno moja. Usiweke h.
Anaandika, anapuliza wino ukauke,
na mwanangu naye, kuanzia leo,
anatoka huko.