Nguzo Mia

Celindo, leo nimehesabu nguzo.
Nimetoka Gregores alfajiri, upepo ukinisukuma ubavuni,
na kila nguzo ya kilomita niliyoipita
nimedondosha punje ya haragwe ndani ya kopo
lile lililokuwa la grisi.
Punje mia, Celindo. Nguzo mia.
Mita ya gari ikaniambia themanini na nane.

Nikazima injini katikati ya barabara.
Hakuna aliyenipigia honi. Apige nani?
Guanako watatu walisimama kilimani wakinitazama
kama watu walioitwa kutoa ushahidi.

Unakumbuka matairi haya yalivyokuja?
Shemeji Rufino aliyanunua Comodoro kwa mtalii aliyeishiwa:
inchi thelathini na tano, meno kama ya trekta,
na rimu za chuma, kila moja tuliibeba wawili.
"Sasa hili ni gari," akasema, akalipiga teke la mapenzi.
Yale membamba tukayasukumia bandani,
kuku wakataga humo.

Nami nilijiona, sikatai.
Nilipita mbele ya kanisa polepole kuliko ilivyohitajika.
Kwenye lami yalivuma kama nyuki waliochokozwa,
kwenye kokoto yalitembea kama mwenye shamba.
Tope? Tuliliona siku nne mwaka mzima.
Siku nyingine zote tulilisha meno yasiyotafuna kitu.

Kisha daftari likaanza kunilalamikia.
Lita kumi na mbili kwa kilomita mia, hesabu ya miaka yote,
zikawa kumi na nne, zikawa kumi na saba.
Hamira, dawa za kondoo, barua, sigara za wachungaji,
mzigo ule ule, mashamba yale yale,
na pipa la dizeli likishuka
kana kwamba lina mtoto anayenyonya usiku.
Na usiku, bandani, ulikuwa unalala wewe.

Ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile ulikuwa na meno.
Nilikuuliza mbele ya wakata sufu,
mkononi nimeshika ule mpira wa kunyonyea mafuta:
"Unamuuzia nani?"
Hukujibu. Uliosha kikombe chako,
ukakipindua juu ya kitambaa kama mgeni,
ukapanda lori la sufu liendalo pwani.

Sasa nimekaa na penseli, chai chungu imepoa kwenye kibuyu.
Tairi kubwa likizunguka mara moja humeza njia ndefu,
na mita, maskini, huhesabu mizunguko tu,
njia yenyewe haiioni.
Katika kila kilomita mia ilinipunja kumi na mbili,
nikakudai wewe.
Nikisahihisha, zile kumi na saba zinakuwa kumi na tano.

Tatu zilizozidi ni za kweli. Nimezitafuta zilikokwenda.
Ziko kwenye chuma cha rimu, kinachotaka kubembelezwa kila nikiondoka.
Ziko kwenye mpira unaojikunja na kujikunjua njia nzima,
maana Rufino alisema tupunguze upepo kwa ajili ya mawe,
na hakuna aliyekumbuka kuurudisha.
Ziko kwenye gia ya tano, ambayo gari halikuiweza tena
upepo unapotoka magharibi,
na huku upepo hutoka wapi kwingine?
Mwizi hakuwepo.

Kesho nitawafukuza kuku. Mmoja anaatamia; huyo nitamhamisha na mayai yake.
Nitayafunga membamba, niyajaze mpaka yagonge kama ngoma.
Makubwa yabaki bandani,
Rufino akipenda ayavae shingoni.

Dizeli ya kufika pwani na kurudi ninayo,
nimepiga hesabu mara mbili, safari hii kwa nguzo.
Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole,
kwa hiyo pole yako usinipe.
Kikombe kiko pale pale ulipokipindua, sijakigusa.
Niambie tu unakaa mtaa gani.