Kijiti

Saa moja asubuhi, Dundee, mwezi wa nne.
Theluji ya mwishomwisho inapukutika kama unga wa muhogo
juu ya paa la vioo,
na mimi ndani, na ndoo na tambara,
natokwa jasho.

Humu mvua hunyesha kwa swichi.
Mabomba yanakohoa chini ya sakafu,
ukungu unapanda, na mitambazi inapanda nao:
mpasheni mwekundu umeukaba mti wa mpira shingoni;
mwingine, sijui jina lake kwa lugha yoyote,
umening'iniza vishada vya rangi ya samawati
nilivyodhani ni plastiki
mpaka kimoja kikaniangukia begani, kizito, kimelowa.

Hakuna nyuki.
Kila kitu kinachanua, kinangoja, kinadondoka.
Nami ndiye ninayefagia.

Kwenye nguzo ya kumi na nne, nyuma ya tangi,
nikauona mvanila.
Unene wa kidole, umekwea chuma kwa vimizizi
kama mtoto aliyebebwa na mtu asiyemjua.
Ua moja limefunguka, rangi ya siagi.
Saa nne, tano, halafu basi.

Kanyigo, kwa mjomba Rwegoshora,
msimu wake hatukunywa chai mpaka jua likaze.
Mstari kwa mstari, kila mtu na mwiba wake wa mchungwa:
pasua kidogo, inua kiulimi,
bandika chavua kwa kidole gumba.
Haya, ua jingine.
Niliichukia kazi ile. Nimevuka bahari ngapi
kuikimbia.

Mfukoni nilikuwa na kijiti cha meno,
kilichobaki kwenye mkate wa jana.

Siku ya tatu ua lilikuwa limenyauka
lakini halijaanguka.
Bwana Lorimer, mkuu wa jumba, alisimama chini yake
kofia mkononi, kama yuko msibani.
Miaka kumi na tisa, alisema, ananyunyiza, anapima joto,
hajaona ganda hata moja.
Akaandika daftarini, akafuta, akaandika tena.
Nikasugua kioo kimoja muda mrefu sana.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema kwetu.
Hawakusema mgeni aombe ruhusa kwa nani.

Ijumaa yalifunguka matatu, usawa wa kifua.
Nikatoa kijiti. Nilipogeuka
alikuwa nyuma yangu.
Hakuuliza kitu. Alinyoosha mkono,
nikaona kwa nini hajawahi kujaribu:
vidole vinacheza vyenyewe,
kama jani linalodondokewa na matone.

La kwanza tulilichana.
La pili likaangukia kiatu chake; akatukana kwa lahaja ya kwao,
sikuambulia neno, nikacheka, naye akacheka.
La tatu nikamshika kifundo cha mkono,
si kwa nguvu, kiasi tu cha kutoanguka,
jinsi mitambazi inavyoshika,
na kiulimi kikainuka.

"Sasa?" akauliza.
Miezi tisa, nikamwambia.
Akahesabu kwa vidole vilevile, akikosea, akirudia,
hadi Januari.

Juu, theluji ilikuwa imegeuka mvua,
ile isiyo na swichi.
Mkataba wangu unaisha Oktoba.
Nikachukua ndoo.