Ya Kushoto Inakimbia

Lorne alikwenda kuchimba mafuta baharini, kaskazini kabisa,
akaniachia meza mbili za santuri, kreti la maziwa lililojaa sahani,
na agizo moja nyuma ya bili ya gesi:
usiguse sindano na vidole vya chipsi.

Bristol, Februari. Ghorofa ya pili, Barabara ya Stapleton,
dirisha limeziba kwa mvuke, soksi zinakauka juu ya hita.
Mchana napakia vigae vya bafuni ghalani.
Usiku nahesabu.

Mia na arobaini kwa dakika, ndivyo Lorne alivyosema,
lakini sikio langu lilisikia sabini:
ngoma moja, kimya, kofi moja, kimya kirefu,
na besi ikijikokota katikati
kama mtu anayehamisha kabati peke yake.
Nani kazificha sabini nyingine?
Zimo kwenye matoazi, madogo, yananong'ona,
yana haraka ya mtu aliyesahau jiko linawaka.

Sikio moja chumbani, jingine ndani ya hedifoni.
Naachia ya pili. Sekunde nne, sawa.
Ya tano, kwato.
Ya nane, farasi wawili wanashuka ngazi.

Nasogeza kitelezi cha kasi upana wa ukucha: nimezidisha.
Narudisha: nimepunguza mno.
Nagusa ukingo wa sahani kwa ncha ya kidole,
kama unavyomgusa mtoto aliyelala kupima homa,
nayo inalalama.

Wiki sita hivi. Na huko chini, Bi Pugsley na ufagio wake
akigonga dari yake ambayo ni sakafu yangu.
Nilimwombea mabaya.
Nilimwongezea besi.

Jumanne moja akapanda mwenyewe,
koti juu ya nguo ya kulalia, ufagio mkononi.
Nikaandaa samahani. Hakuitaka.
"Ya kushoto inakimbia," akasema.
"Wiki sita nakugongea mapigo, wewe unazidisha kelele."

Kumbe miaka thelathini na mmoja alivuta kamba kanisani,
kengele ya tano kati ya nane, hadi bega likakataa.
Chuma kizito, alinieleza, kina ukaidi:
unavuta sasa, chenyewe kinalia baadaye,
na hiyo baadaye lazima uijue kwa tumbo.
Muziki wangu hakuupenda.
Alisema unafanana na jokofu lenye msokoto wa tumbo.
Hata hivyo akaketi juu ya kreti, akafumba macho,
akaanza kupiga sakafu kwa mpini.
"Ziba ufa," akasema, "kabla ya ukuta."

Nikasukuma kidogo. Tena kidogo, chini ya kidogo.
Ufagio, kofi.
Ufagio, kofi.
Ufagiokofi.

Sahani mbili ni moja, mapigo yameungana,
Hakuna linalovuja, wala kwato kusigana,
Besi sasa inakuja, vikombe vinagongana,
Dakika nzima yangoja, nami sijagusa tena.

Ufagio umetua, mpini hauna kazi,
Napumua, napumua, mikono kama mzazi,
Ya kulia inaanza ku

Farasi. Ngazi. Bi Pugsley akacheka
mpaka meno ya bandia yakahama,
akayarudisha kwa kidole gumba, akasema, "Tena."

Tukarudia hadi saa tano na robo.
Mara mbili ilishika. Mara nyingi haikushika.
Alipoondoka aliacha unga wa biskuti juu ya kreti
na alama za duara sakafuni, ndogo, zenye nafasi sawasawa.

Lorne anarudi Aprili kuchukua vyombo vyake.
Sijamwambia Bi Pugsley.
Leo nimekuta karatasi imesukumwa chini ya mlango,
mwandiko umeinama kama mtu anayevuta kamba:
*Alhamisi, saa moja jioni. Anza na lile jokofu.*