Sikio Halipiti Kichwa

Kazi yangu Mulago ni kubandika vikombe vidogo vya fedha
kwenye vichwa vya watu, kwa gundi inayonata kama uji wa jana.
Ishirini na kimoja. Nywele nazipasua kwa kitana,
naomba radhi, hasa kwa waliotoka saluni.
Kisha naachia mlio: pi. pi. pi. po. pi.
Na kwenye kioo mstari unapanda, unashuka
kama vilima vya Kampala, ambavyo huhesabiwa saba
na kila anayevipanda kwa miguu anajua si saba.

Jana alikuja Lutaakome, fundi magodoro wa Katwe,
akapitiwa na usingizi katikati ya kipimo.
Kilima cha kwanza kikabaki: mlio umefika.
Cha pili kikabaki, kimepungua kimo.
Cha mwisho, kile kinachochelewa theluthi ya sekunde,
kile kinachosema nimesikia,
kikawa uwanda.
Mgeni kabisha hodi, mbwa kabweka,
hata mlango umefunguka,
ila mwenye nyumba hayupo sebuleni.

Nikaita, "Lutaakome," kwa sauti ya chini, kama mkewe.
Kikainuka.

Haya, nifuate njia yenyewe.
Mtu kagonga mti; hewa ikasukumana kama watu wa Owino.
Hiyo si sauti bado.
Ngozi ya sikio ikatikisika. Bado.
Mifupa mitatu midogo kama punje ikapokezana. Bado.
Maji ndani ya konokono yakafanya wimbi,
vinyweleo vikainama, mafunjo ya Lubigi mbele ya mvua.
Bado. Kisha chumvi, cheche, uzi kwa uzi,
hadi ndani kabisa, gizani, chini ya fuvu,
mahali ambapo hapajawahi kuingia mlio hata mmoja.
Na humo humo: pi.

Nina miaka tisa. Bibi yangu, Hajati Zenabu wa Bombo,
kanichukua arusini Mpigi.
Amadinda imelazwa juu ya vigogo vya mgomba,
vipande kumi na viwili, harufu ya utomvu mbichi.
Kiyimba upande huu, Ssebuwufu upande ule,
huyu anagonga penye pengo la yule.
Wa tatu hakuja, mguu ulimvimba.
Nami nikausikia wimbo wa tatu
ukipita katikati yao, mzito, unayumbayumba,
haumo mkononi mwa huyu wala mwa yule.

"Nani anapiga ule?"
"Upi?" Kiyimba akapunguza mwendo. Wimbo ukafa.
Akaongeza, ukafufuka.
"Si mimi."
"Wala mimi," akasema Ssebuwufu, jasho puani.
Bibi akanigusa kipaji kwa kidole chenye hina:
"Basi ni wewe, mwizi."

Daktari Nassolo anasema tukiongeza vikombe,
tukifika mia mbili na hamsini, tutaona inapozaliwa.
Huenda. Mimi ninaona vilima tu.
Sikio halipiti kichwa, walisema wahenga,
wakimkanya mtoto mkaidi.
Kichwa nacho hakipiti nini, hawakusema.

Usiku huu umeme umekatika Kawempe.
Friji ikanyamaza, na hapo ndipo nilipoisikia.
Tangu magharibi ilikuwa ikinguruma kando ya bega langu,
hewa inasukumwa, vinyweleo vinainama,
cheche zinapita, kila kitu kimefika salama.
Mimi nilikuwa wapi?

Nimekaa gizani, kitana bado mfukoni.
Bomba la jikoni linavuja. Nimelivizia:
nataka nilipate tone
kabla halijawa tone,
likiwa mguso tu, likiwa chumvi.

Siwezi.
Kila mara nikifika, limeshakuwa tone.