Tosha

Nilimnunua kwa Colin Ackroyd, fundi bomba mstaafu,
kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba yake, nje kidogo ya Hull,
pauni arobaini na tano, kizimba juu yake,
na neno moja mlangoni:
"Cherero akiwa mmoja atakuchukua wewe.
Usimbebe kama huna saa za kumpa."

Nilikuwa nazo. Mwaka wa pili wa kungoja viza ya mtu
una saa nyingi mno.

Kichwa cheusi, ukosi wa njano,
duara jeupe kuzunguka jicho
kama mwenye nyumba aliyevaa miwani asome mkataba.
Nikamwita Tosha.

Sikujua kuwa nimeoa.
Alianza na kola ya shati, akajilaza kwenye joto la shingo.
Kisha ndevu: unywele mmoja mmoja, toka shina hadi ncha,
kama achambuaye mchele wa wageni.
Nami nikamjibu kwa ukucha wa kidole gumba,
nikimvunjia maganda ya vijimanyoya vipya kichwani,
naye akifumba macho.
Mdomo wa ndege haufiki utosini mwake.
Nadhani siri yote ni hiyo.

Jioni moja akatikisa kichwa, juu chini, juu chini,
akanitapikia mtama kidoleni.
Nikampigia Colin mbio: ndege anakufa!
Akacheka mpaka akakohoa.
"Anakulisha, bwana. Umeposwa."

Machi, mvua ya barafu, Zamaradi akafika.
Hata begi hajalitua vizuri, ndio kwanza ananikumbatia,
Tosha akashuka toka juu ya pazia
akamng'ata ndewe, palepale penye herini.
Damu. Zamaradi akamtazama, akanitazama.
"Huyu? Si cherero wa kwetu Kondoa huyu?
Tuliokuwa tukiwafukuza kwenye mtama wa mama
tangu alfajiri, mpaka sauti zinatukauka?
Wewe umemnunua? Kwa hela?
Na hita yake mwenyewe?"

Tukacheka sana. Kisha tukaishiwa.
Miaka mitatu ya simu hukufundisha sauti ya mtu,
haikufundishi upande anaolalia.
Tulilala kama wapangaji wawili,
kila mmoja akiomba radhi kwa shuka.

Colin alisema: "Msimlazimishe.
Mama akae karibu na kizimba, afanye shughuli zake,
asimkazie macho. Chakula ampe yeye, siyo wewe.
Mlango uwe wazi. Basi."
Zamaradi akakaa. Akamenya vitunguu, akashona vifungo,
akamsema mama yake mdogo kwa simu, saa nzima.
Nami nasaha hiyohiyo nikaitumia kwingine.
Nilirudi kutoka kiwanda cha mikate, nikakaa karibu,
nikafanya shughuli zangu.
Sikumwambia.

Mei, Tosha akaipata barua ya Uhamiaji mezani.
Akaichana pembeni, vipande virefu, vyembamba,
vimelingana kama vimepita kwenye mkasi,
akavibeba mdomoni kimoja kimoja
mpaka mfuko wa sweta ya Zamaradi, na sweta imevaliwa.
Zamaradi hakuthubutu kuinuka. Chai ikapoa.
Wiki ya tatu tukakuta yai humo, jeupe, dogo,
lisilo na baba.
"Kumbe mke mwenzangu," akasema,
na sweta hakuivaa tena, akaitundika pale kizimbani.

Tangu hapo kidole changu hakilishwi.
Nisiseme hainiumi.

Jana usiku alikaa mbele ya kioo akifumua misuko,
mikono imechoka, nusu ya kichwa imesimama wima.
"Njoo," akasema, bila kugeuka.
"Huku nyuma sifiki."

Nikaanza na ncha, polepole, nisimuumize.
Tosha akatua begani kwake,
akakitazama kidole gumba changu kwa jicho moja,
akakitazama kwa jicho la pili,
akaking'ata.